Bi mkubwa alipitishiwa mrija wa moyo pajani, sasa kinenani pana uvimbe unadunda. Lazima apasuliwe?

BintiChumbageni:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu hamjambo. Naomba msiupite uzi huu hivihivi, nimechanganyikiwa.

Bi mkubwa wangu ana miaka 67, presha ya siku nyingi na mwili wake mkubwa. Mwezi uliopita alibanwa na kifua tukampeleka Dar, wakasema mshipa mmoja wa moyo umeziba, wakampitishia ule mrija kwenye paja la kulia hapa kinenani mpaka kwenye moyo na kumwekea stenti, kile kibomba kidogo cha waya kinachoshikilia mshipa uwe wazi. Kwa upande wa moyo namshukuru Mungu, kifua hakimbani tena na analala kama mtoto. Walipotoa mrija walikandamiza kwa mkono wakamfunga bandeji nzito, akalala chali usiku kucha, kesho yake mchana akaruhusiwa. Tukapumzika kwa mdogo wangu Mbagala siku mbili, ya tatu tukapanda basi kurudi Tanga na mnajua basi lenyewe, kukaa umekunja miguu masaa yote hayo, halafu Muheza alishuka mwenyewe kununua machungwa, nikamwambia mama kaa nikununulie hakunisikia.

Sasa bi mkubwa ni mtu wa stara, hata mimi mwanae wa kike hataki nimwone akioga. Juzi alishindwa kuinama kuvaa ndo nikaingia kumsaidia. Nilichokiona nusura nipige kelele. Paja lote jeusi mpaka karibu na goti, na pale pa sindano pamefutuka uvimbe kama yai la kuku, nikiweka vidole panadunda sawasawa na mapigo ya moyo. Kumbe anao tangu siku ya pili baada ya kufika, anaufunika na khanga anasema utaondoka wenyewe.

Jirani kasema ni ngiri. Mwingine kasema jipu, akandwe maji ya moto na chumvi liive. Shangazi yangu anataka aitwe mtu wa hijama apige chuku palepale damu chafu itoke. Mimi nikampeleka hospitali moja hapa mjini, daktari kijana akagusa akasema mshipa haujafunga, arudi Dar akapasuliwe ushonwe. Bi mkubwa kusikia kisu kagoma, anasema bora afe na uvimbe wake.

Maswali yangu: hakuna njia nyingine zaidi ya kupasuliwa? Zile dawa mbili za kulainisha damu, aspirini na klopidogreli, shangazi anasema aziache kwa sababu ndo zinazomtoa damu, ni kweli? Na je, anaweza kusafiri akiwa hivi?

MwanaWaMakorora:

Pole sana dada, Mwenyezi Mungu amshushie shifaa. Mie babu yangu alikuwa na uvimbe hapohapo akapigwa chuku mara mbili ukaisha kabisa na akaishi miaka mingi. Shangazi yako anajua anachosema, wazee hawa wameona mengi.

NesiMstaafu_Pongwe:

Binti yangu soma hapa kabla hujafanya lolote, na wewe mwanangu wa Makorora naomba ufute hiyo uliyoandika maana mtu ataisoma usiku ataifanya asubuhi.

UVIMBE UNAODUNDA MAHALI PALIPOPITA MRIJA HAUPIGWI CHUKU. Hautumbuliwi, haukandwi na haukamuliwi. Huyo mwenye wembe akigusa pale anakata kifuko kilichoungana na mshipa mkubwa wa paja, na mshipa ule ukifunguka nyumbani hamtafika hata barabarani na mgonjwa. Nimefanya kazi wodini miaka 31, nimeona mgonjwa mmoja tu aliyeletwa baada ya "jipu" la namna hii kutumbuliwa kijijini, mmoja alinitosha. Babu wa kijana wetu pengine alikuwa na kitu kingine, uvimbe hauwi mmoja kwa sababu umekaa mahali pamoja.

La pili, dawa asiache. Zile ndo zinalinda stenti. Stenti ni mpya, damu ikigandia ndani yake ni moyo unasimama, na hilo linaua haraka kuliko uvimbe wa paja. Kama ipo haja ya kupunguza au kubadilisha atasema daktari wa moyo, hata kwa simu. Mpigieni leo, ile karatasi ya ruhusa huwa ina namba.

Na mwambie bi mkubwa kwamba nesi wa rika lake anamwambia hivi: hakuna aibu, paja ni kiungo kama mkono. Tena unaweza kuomba apimwe na mwanamke, ni haki yake, na wakimpima wanafunika kwingine kote na shuka, panabaki wazi pale pa sindano tu.

MwanaWaMakorora:

Nimekuelewa mama, samahani sana. Imenigomea kufuta ila atakayesoma aone na hii: msifanye nilivyosema juu.

SonoPwani:

Dada wa Chumbageni pole. Mimi kazi yangu ni ultrasaundi, na hiyo habari uliyoeleza mtu wa kazi yangu akiisoma anajua pa kuanzia. Sikutibu kwa maandishi, lakini nieleze ili ukifika kwa daktari uwe unajua unauliza nini.

Mshipa wa paja ni ateri, damu inapita kwa nguvu ya moyo moja kwa moja. Wakishatoa mrija panabaki tundu. Linalofunga lile tundu ni mkono wa mtu unaokandamiza dakika 15, 20, au zaidi kwa mwenye dawa za kulainisha damu, mpaka damu igande juu yake. Likishindwa kufunga, kila moyo ukipiga damu inachomoka inajichimbia kijifuko ndani ya nyama, moyo ukilegea sehemu yake inarudi mshipani. Inaenda inarudi, inaenda inarudi, ndo huko kudunda unakokusikia. Kitaalamu wanaita sudoanyurizimu, yani anyurizimu (mshipa kuvimba kama puto) ya uongo, ya uongo kwa sababu kile kifuko hakina ukuta wa mshipa, kimezuiliwa na damu iliyovilia na nyama za jirani basi. Ndo maana chuku inatisha.

Kati ya kifuko na mshipa pana njia nyembamba tunaiita shingo. Hiyo shingo ndo habari yote. Ndefu na nyembamba ni rahisi kutibu bila kisu, fupi na pana kama mlango ni kazi.

Kwa nini imempata mama yako? Inampata mtu yeyote, lakini ukisoma watu wanaopata sana ni wanawake, wenye umri, wenye mwili, wenye presha, na walio kwenye dawa za kulainisha damu. Mama yako kabeba zote tano. Ingine ni sindano kuingia chini sana. Sehemu nzuri ya kutoboa ni pale mshipa unapopita juu ya kichwa cha mfupa wa paja, maana ukikandamiza mfupa unapokea mkono wako. Ukishuka chini ya hapo nyuma hakuna mfupa, ni kama kubana mpira wa maji juu ya mchanga, unazama tu maji yanaendelea. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwake, kwenye picha wataona tundu liko wapi.

Kipimo anachohitaji ni ultrasaundi ya mishipa yenye dopla, ile inayoonyesha damu inavyopita. SIO ultrasaundi ya kawaida ya tumbo, andika jina hilo ukaliseme mapokezi: dopla ya mishipa ya paja la kulia. Haina sindano wala mionzi. Kwenye skrini kifuko kinaonekana kinazunguka rangi mbili, nusu nyekundu nusu buluu, na kwenye shingo sauti inaenda mbele na kurudi nyuma. Ngiri haina hivyo, jipu halina hivyo, na damu iliyovilia tu bila tundu haina rangi ndani. Waombe waandike vitu hivi kwenye ripoti: ukubwa wa kifuko, urefu na upana wa shingo, kinatoka kwenye mshipa upi, na kama pana njia kati ya ateri na vena, yani mshipa unaorudisha damu kwenye moyo. Ripoti ikisema tu "kuna uvimbe wa mishipa" daktari wa Dar ataanza upya.

Njia zilizopo sasa.

Kidogo chini ya sm 2, hakiumi, hakikui: wanakiacha na kukipima tena baada ya siku kadhaa, vingi vinaganda vyenyewe ndani ya wiki chache. Ila kwa mtu wa dawa mbili za kulainisha damu usikitegemee sana.

Kukandamiza kwa kutumia ultrasaundi. Hii imeanza kuandikwa 1991. Mpimaji anatafuta ile shingo kwenye skrini, anaibana kwa kichwa cha mashine mpaka rangi ya kifuko inazimika lakini damu ya mguuni inaendelea kupita, anashikilia dakika 10 hivi, analegeza kuangalia, anabana tena. Inaweza kufika saa nzima. Inauma, sitakudanganya, na mkono wa anayebana unakufa ganzi. Uzuri wake haihitaji dawa ya ajabu, ni mashine na mtu mwenye subira. Ubaya, kwa wenye dawa za kulainisha damu inafeli mara nyingi zaidi.

Halafu sindano ya trombini. Trombini ni kitu ambacho mwili wenyewe unatengeneza, ndo kinachogeuza damu ya majimaji kuwa bonge. Mtaalamu anaangalia skrini, anaingiza sindano nyembamba ndani ya kifuko, mbali na shingo, anasukuma dawa kidogo sana, mara nyingi haifiki hata ml 1, pole pole. Kifuko kinaganda ndani ya sekunde, unaiona rangi inazimika mbele ya macho yako. Wazo la kuchoma trombini liliandikwa 1986, miaka ya 1990 mwishoni ikaanza kufanywa kwa kuongozwa na ultrasaundi na hapo ndo ikaenea duniani. Inafaulu zaidi ya mara 9 katika 10, na inafanya kazi hata kwa mwenye aspirini na klopidogreli, tofauti na kule kubana. Hatari yake ni dawa kuponyoka kupitia shingo ikaingia mshipani na kugandisha damu ya mguu, ni mara chache ila ndo maana wanashika mapigo ya unyayo kabla na baada. Nyingine ni mzio, hasa trombini ya ng'ombe, kwahiyo waambieni kama ana mzio wowote.

Kwahiyo jibu la swali lako la kwanza: hapana, kupasuliwa sio lazima kwa kila mtu. Kapime kwanza.

BintiChumbageni:

Mungu awalipe. Nimesoma mpaka machozi yamenitoka, nimemsomea bi mkubwa maneno ya mama nesi kwa sauti, kanyamaza kidogo kisha kaniambia "kesho twende, lakini awe mwanamke". Daktari wa moyo nimempata kwa simu, kasema dawa asiguse hata moja, akae kitandani asitembee hovyo, choo asijikamue, na dopla ifanyike haraka. Shangazi kanuna ila kakubali.

MzeeWaDuga:

Binti shikamoo zako marahaba. Mimi nilipitia hayohayo mwaka 2012, enzi hizo mtu wa moyo alikuwa anafungwa safari ya India, nikafanyiwa Chennai. Siku ya pili pale kinenani pakavimba nikajua nimekwisha, nipo ugenini, Kihindi sijui na Kiingereza chenyewe cha kuungaunga. Akaja dada mmoja mwembamba na mashine yake, akaibana ile sehemu kwa mikono miwili akiangalia kioo, mara tatu, kila mara kama robo saa. Nililia. Sioni aibu kusema nililia, nilikuwa nimeng'ata taulo. Lakini ya tatu alipoachia akatabasamu, na mimi nikajua kabla hajasema.

Nakwambia hili ili umwandae bi mkubwa. Wakianza kubana aombe dawa ya maumivu kabla, isiwe katikati. Na aende haja ndogo kwanza.

KakaWaBagamoyo:

Samahani naingilia, mimi nipo huku Bagamoyo na suala langu linafanana. Mdogo wangu wa kiume figo zilifeli ghafla, walimwekea katheta, yani mrija, ya kuoshea damu kinenani kushoto, waliotea mara mbili mpaka ikakaa, mara ya kwanza ilitoka damu nyekundu sana kwa kasi wakabana wakarudia. Figo zimerudi, katheta ilitolewa. Sasa mwezi umepita, hakuna uvimbe, lakini ukiweka kiganja pale unasikia mtetemo kama nyuki yuko ndani ya nyama, hautulii. Mguu wa kushoto jioni unajaa kidogo. Je, na yeye achomwe trombini?

SonoPwani:

Kaka HAPANA, na umefanya vizuri kuuliza kabla. Huo mtetemo usiokatika, wa kama nyuki, unafanana zaidi na ateri na vena kutobolewa pamoja zikaungana, damu ya ateri inaingia venani moja kwa moja bila kupita kwenye nyama za mguu. Trombini haichomwi pale, maana itabebwa na vena mpaka mapafuni. Hili tundu dogo mara nyingine linafunga lenyewe baada ya miezi, wanaliangalia tu kwa dopla. Likiwa kubwa mguu unajaa, na likikaa muda mrefu moyo unafanya kazi ya ziada. Kulifunga wanashona, au wanapita kwa ndani ya mshipa wanaweka stenti iliyovishwa kitambaa ifunike tundu. Apime dopla, na mwambie daktari kuhusu ile damu nyekundu ya mara ya kwanza, hiyo habari ina thamani kubwa.

DktRaskazone:

Nimeona uzi huu jioni, nipo zamu za mchana. Sono kaeleza vizuri sana, niongeze machache.

Dada usimchukie yule daktari kijana. Aligusa, akajua ni nini, na hakuthubutu kuweka sindano wala wembe, hapo amemwokoa mama yako. Upasuaji ndo tiba iliyokuwepo kabla ya hizi nyingine na bado upo kwa sababu: kifuko kinachokua saa hadi saa, kimepasuka, ngozi ya juu imekuwa nyeusi na kung'aa inataka kufa, pana usaha na homa, mguu umepoa hauna mapigo, au kinabana mishipa ya fahamu mpaka goti linakosa nguvu. Hapo hakuna kusubiri trombini, ni kisu, tena usiku huohuo. Kwahiyo mkiwa mnasubiri kipimo mwangalieni hivi: chora kwa kalamu ya wino mpaka wa uvimbe, ukivuka mstari ondokeni. Shika unyayo wa kulia na wa kushoto, joto lifanane. Akizimia, akitoka jasho la baridi, ondokeni.

Na jambo ambalo watu hawalijui, kwa yeyote atakayesoma hapa akiwa na mgonjwa aliyetoka kupitishiwa mrija siku hiyohiyo au kesho yake: damu inaweza kuvuja kwenda JUU, nyuma ya tumbo, pale sindano ilipoingia juu sana. Kinenani hutaona kitu, pasafi kabisa. Mgonjwa atalalamika kiuno au ubavu unauma, ataanza kupauka, presha inashuka. Ndugu wanadhani kachoka kulala chali. Mwiteni nesi palepale na msikubali kuambiwa subiri.

Kuhusu ile stenti ya kitambaa aliyoitaja Sono, kwa mshipa wa kinenani hatuikimbilii. Pale ni kwenye kiungo, mtu anakaa, anachuchumaa, anasujudu mara ngapi kwa siku, chuma kinakunjwa mpaka kinavunjika, na siku nyingine akihitaji mrija tena njia imezibwa. Inafaa zaidi sehemu zingine au kwa mtu ambaye hawezi kustahimili upasuaji.

Trombini haikai kila hospitali, na anayeichoma awe amezoea, ni daktari wa mishipa au wale wa radiolojia ya tiba, wanaotibu kwa kupitia sindano na mirija wakiangalia picha. Muhimbili siku hizi wanafundishwa hapahapa nchini, zamani hatukuwa nao. Piga simu kabla ya safari uulize mambo mawili, dawa ipo, na mtu yupo siku gani. Msifunge safari ya kilomita 350 kwenda kuambiwa daktari yupo semina. Kuhusu bima ulizeni mapema pia.

Safari: asipande basi. Gari dogo, siti ya mbele ilazwe, mguu umenyooshwa, mtu akae nyuma yake. Gari likipita tuta mtu aweke kiganja juu ya bandeji kwa upole, asikandamize wala kusugua.

MamaKassim_TGA:

Dokta swali, hivi kwa nini hawapitishi mkononi? Mume wangu alifanyiwa mkononi hapa kwenye kifundo, akafungwa kitu kama saa ya plastiki yenye upepo, jioni yupo anakunywa uji.

DktRaskazone:

Ndo njia inayopendelewa siku hizi mama Kassim, na sababu yake kubwa ni hizi shida tunazozungumza. Mshipa wa kifundo upo juu juu na chini yake mfupa, kuubana ni kazi ya kidole, na kiganja kinalishwa na mishipa miwili, mmoja ukisumbua mwingine unabeba. Lucien Campeau wa Kanada alichapisha habari ya kupima moyo kupitia kifundo 1989, kabla ya hapo wengi walikuwa pajani, kwa ufundi wa waya na mrija alioutoa Sven Seldinger wa Sweden 1953. Pajani bado kunatumika: mshipa wa mkono ni mdogo kwa wengine, unajikaza, umejipinda, au mtu ana matatizo ya figo na mishipa ya mkono inatunzwa kwa ajili ya kuoshea damu. Wanawake hasa mishipa yao ya mkono ni myembamba. Huenda walijaribu mkononi kwa mama yake dada ikagoma, aangalie karatasi, huwa wanaandika.

BintiChumbageni:

Nimeangalia karatasi. Kweli dokta, wameandika walianza mkono wa kulia mshipa ukajikaza wakahamia pajani. Na nikakumbuka alikuwa na plasta pale kifundoni, hatukuuliza.

BintiChumbageni:

Naleta mrejesho, zimepita siku 6. Samahani kwa ukimya, simu ilikuwa mikononi mwa kila mtu.

Dopla tulifanya hapa Tanga, dada mmoja mpole sana, alifunga mlango na kumfunika bi mkubwa mpaka bi mkubwa mwenyewe akalegea. Kifuko sm 3.1 kwa 2.4, shingo mm 3, ndefu kidogo, kinatoka kwenye mshipa mkubwa wenyewe wa paja, hakuna muungano na vena. Yule dada akampigia daktari wake wakakubaliana wajaribu kubana. Mzee wa Duga maneno yako niliyabeba, nikaomba dawa ya maumivu kwanza wakampa. Walibana mara nne dakika kumikumi. Bi mkubwa alikuwa anasoma ayatul kursi kwa sauti, mimi nimeshika kichwa chake, kila akiachia tunamwona yule dada uso unabadilika, rangi inarudi. Ya nne akasema tusimtese, hizi dawa anazokunywa hazitaki. Alikuwa anatetemeka mkono yeye mwenyewe.

Tukapiga simu Dar kama dokta alivyosema, na kweli sehemu ya kwanza dawa haikuwepo, ya pili ipo na daktari yupo Jumanne. Binamu yangu akatoa Noah yake, tukamlaza, tukatoka alfajiri, Segera tukasimama kuswali, Chalinze tukasimama kwa dakika chache. Nilikuwa nyuma yake njia nzima na kiganja changu juu ya ule uvimbe nikiusikia unadunda, nilijua kila tuta la barabara ile.

Daktari alimweleza bi mkubwa mwenyewe, hakuongea na mimi. Akashika unyayo wake akaweka alama ya kalamu pale mapigo yanaposikika. Ganzi kidogo, kisha sindano nyembamba. Akamgeuzia skrini akamwambia mama angalia. Tukaona ile rangi nyekundu na buluu inazunguka, akasukuma kidogo, haikupita hata muda wa kuvuta pumzi mbili, rangi ikazimika kuanzia pembeni kuja kwenye shingo, pakawa peusi. Nikaweka kidole mwenyewe kwa ruhusa yake. Kimya. Hapadundi.

Bi mkubwa kasema, "ndo kwisha?" Daktari kasema ndo kwisha mama. Akashika unyayo tena, mapigo yapo palepale alipoweka alama. Akalala chali masaa sita, kesho yake asubuhi wakapima tena, pamefunga. Dawa zake zote anaendelea nazo.

Swali moja limebaki, pale bado pana kitu kigumu kama jiwe, hakidundi ila kipo. Ni kawaida?

SonoPwani:

Alhamdulillah. Dada nimefurahi kama ni mama yangu. Hilo jiwe ni damu iliyoganda ndani ya kifuko, mwili utainyonya wenyewe taratibu, wiki kadhaa, kwa wengine miezi. Msilisugue, msilikande, wala mafuta ya karafuu msipake kwa kukandamiza. Weusi wa paja utageuka kijani kisha manjano na kushuka kuelekea goti, usishtuke ukiuona unahama. Likianza kudunda tena au kukua siku yoyote, dopla siku hiyohiyo. Wamekupa tarehe ya kurudia kipimo?

NesiMstaafu_Pongwe:

Mpe bi mkubwa salamu zangu. Asinyanyue ndoo wala asichuchumae jikoni kwanza, wiki moja au mbili, na shangazi aje amsaidie kupika.

KakaWaBagamoyo:

Na mimi niwaambie, mdogo wangu kapimwa jana. Ni kweli ateri na vena zimeungana, tundu dogo. Wamesema wataliangalia, arudi baada ya miezi mitatu, na akiona mguu unajaa zaidi au anakosa pumzi arudi mapema. Asanteni, nilikuwa nimeshaanza kuuliza bei ya hiyo sindano.

BintiChumbageni:

Sono, tarehe ni Alhamisi ya wiki ijayo, tutapima hapahapa Tanga kwa yule dada aliyembana, ameomba mwenyewe aone pamekuwaje. Mama nesi, shangazi yupo jikoni tangu jana. Bi mkubwa amekaa barazani mguu kaunyoosha kwenye stuli, anamenya machungwa.